Maiti Haulizwi Sanda

Wahenga walisema, "Maiti haulizwi sanda." Maana yake ni wazi: aliyekwisha kufa hana tena la kuchagua. Sanda ikiwa fupi hawezi kuomba ndefu, na kaburi likichimbwa mahali asipopapenda hawezi kuinuka akahama. Juma hili twapenda wasomaji waitazame methali hiyo kwa upande wake wa pili. Ikiwa maiti haulizwi, aulizwaye ni nani? Bila shaka ni yule aliye hai, naye yafaa aulizwe angali na ulimi wa kujibu. Je, sisi watu wa siku hizi twamwuliza?

Tumchukue, kwa mfano, mkulima wa kahawa mwenye umri upatao miaka 65, ambaye tumbo limekuwa likimsumbua kwa miezi mingi. Apelekwa hospitali kubwa, apimwa, na daktari aona kuwa ni saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Habari hiyo haambiwi yeye. Mwanawe mkubwa aitwa kando na kunong'onezwa. Mwana awanong'oneza ndugu zake. Ndugu wawanong'oneza wajomba. Na kabla jua halijatua kijiji kizima chajua, isipokuwa mtu mmoja tu, naye ndiye mwenye ugonjwa. Wageni wakija kumtazama humwambia, "Utapona tu, Mzee. Mwezi ujao utakuwa shambani." Lakini Mzee si mtoto. Aona jinsi macho ya watu yanavyoyakwepa macho yake, na jinsi mazungumzo yanavyokatika anapofumbua jicho. Ajua. Walakini, kwa kuwa hapendi kuwatia uchungu watu wake, naye hujifanya hajui. Basi hufa hivyo, yeye na jamaa zake wakidanganyana kwa mapenzi.

Akiisha kukata roho, midomo yote hufunguka. Kamati ya mazishi huundwa jioni ile ile. Hutafutwa mwenyekiti na mweka hazina, michango hukusanywa, maiti hulazwa mochari, na kila siku ipitayo huongeza deni. Hujadiliwa jeneza, mahema, mabasi, chakula cha wageni, na tangazo la redioni. Wengine wataka azikwe penye kaburi la baba yake, wengine wataka azikwe katika shamba alilolinunua mwenyewe. Mama wa nyumba ya kwanza asema hivi, na wa nyumba ya pili asema vile. Kila mmoja huapa kuwa ayajua mapenzi ya marehemu. Aliyeweza kuukata ubishi huo kwa neno moja alikuwa amelala kitandani miezi minne, na hakuna aliyemwuliza.

Kwa nini hatuulizi? Sababu ya kwanza ni hofu ya uchuro. Mtu akitaja kaburi lake huambiwa ajichuria; mwana akimwuliza baba yake habari ya urithi hudhaniwa kuwa ataka afe upesi; na mke akiuliza hutazamwa kwa jicho baya zaidi. Sababu ya pili ni huruma. Twadhani kuwa mgonjwa akisikia ukweli atavunjika moyo, na siku zake zitapungua. Hofu hizo mbili si za kuchekwa, maana zimetoka katika mapenzi na heshima. Lakini yatupasa kuzipima, tuone zimetuletea faida gani.

Si kweli kuwa ukimya huu wote tumeurithi kwa wazee wetu. Tutazame Wakikuyu wa zamani. Kabla ya utawala wa Waingereza na mafundisho ya misheni, wengi wa wafu wao hawakuzikwa kamwe. Maiti alilazwa porini, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wenye mali na uzao. Lakini watu hao hao waliokuwa na shughuli ndogo sana na mwili, walilipa uzito mkubwa neno la mtu anayekufa. Mzee aliyeona mwisho wake umekaribia aliwaita wanawe, akawaambia mifugo na mashamba yagawanywe vipi, nani ana deni lake, na nani amdai. Akiweka katazo, kwa mfano kwamba shamba fulani lisiuzwe kamwe, katazo hilo liliitwa kirumi, na wana na wajukuu waliogopa kulivunja kwa kuwa lilikuwa na laana ndani yake. Hapakuwa na karatasi wala muhuri. Palikuwa na mtu anayekufa, na watu wanaomsikiliza.

Huku pwani vilevile, Mwislamu aliye mahututi haachwi peke yake na uongo. Jamaa humzunguka, huelekezwa kibla, na husomewa shahada ili aitamke. Atakiwa aseme madeni yake, maana deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Sanda yake yajulikana: nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, awe tajiri au maskini. Kwa kawaida huzikwa siku ile ile au ya pili yake. Hakuna kamati ya kujadili jeneza, kwa sababu mambo hayo yalikwisha kuamuliwa kabla hajaugua.

Basi twaweza kusema kuwa tumegeuza mambo juu chini. Zamani neno la mtu anayekufa lilitafutwa, na mwili wake ulipewa shughuli kidogo. Siku hizi mwili wapewa shughuli ya majuma mawili au matatu, na neno lake halitafutwi hata kwa dakika kumi.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni letu peke yetu. Kule Marekani, wagonjwa walipoanza kutolewa majumbani ili wafie hospitalini, ukimya huo huo uliingia. Mwaka wa 1961 madaktari wa hospitali moja mjini Chicago waliulizwa kama huwaambia wagonjwa wao kuwa wana saratani. Karibu 90 katika kila 100 walijibu kuwa hupendelea kutowaambia. Miaka michache baadaye, katika mji huo huo, daktari mmoja mwanamke aliyezaliwa Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, alitaka kuzungumza na wagonjwa walio karibu kufa ili ajifunze kwao. Alipouliza katika wadi za hospitali, aliambiwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hayupo. Hospitali nzima, na hakuna anayekufa! Hata hivyo aliendelea kutafuta, akawapata, akaketi kando ya vitanda vyao, na mwaka wa 1969 akatoa kitabu juu ya mambo waliyomwambia. Alikuta kuwa wengi wao walikwisha kujua hali yao bila kuambiwa, na kwamba kilichowaumiza zaidi ni kukosa mtu wa kuzungumza naye. Madaktari walipoulizwa tena mwaka wa 1979 swali lile la 1961, 97 katika kila 100 walisema kuwa hupendelea kumwambia mgonjwa ukweli. Hivyo desturi iliyoonekana kuwa ngumu kama jiwe iligeuka katika muda usiofika miaka ishirini.

Pengine msomaji atauliza, "Nikimwambia mgonjwa kuwa hatapona, nitakuwa nimempa nini?" Swali hilo ni la haki. Kumwambia mtu ukweli na kisha kumwacha na maumivu yake si wema. Kwa sababu hiyo yafaa tujue kuwa iko tiba kwa ajili ya mgonjwa asiyeweza kuponywa, nayo huitwa tiba shufaa. Haikusudii kuondoa ugonjwa. Yakusudia kuondoa maumivu, kichefuchefu, vidonda na hofu, ili siku zilizobaki ziwe siku za mtu na si za mnyama aliyetegwa. Kazi hii katika sura yake ya siku hizi ilianzishwa London na Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kwanza kisha akawa daktari, akafungua nyumba ya St Christopher's mwaka wa 1967. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza mwaka wa 1990 karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta. Daktari Anne Merriman, aliyefanya kazi katika hospisi hiyo mwanzoni, alivuka Uganda akaanzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka wa 1993. Mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaingize huduma hii katika hospitali na zahanati zao.

Dawa kubwa ya kazi hii ni mofini. Yaweza kutengenezwa kwa unga uliochanganywa na maji, na mgonjwa huinywa nyumbani kwake, kwa kawaida kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichopewa na daktari. Uganda iliona kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi, na mwaka wa 2004 ikawaruhusu kwa sheria wauguzi waliofunzwa kazi hiyo waiandike dawa hiyo wenyewe. Watu wengi huiogopa mofini wakidhani kuwa itamfanya mgonjwa mlevi au itamwua upesi. Yafaa hofu hiyo iondoke. Mofini itumiwayo kwa maumivu makali, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kumfanya mgonjwa mtumwa wa dawa, wala haikusudiwi kumlaza asiamke. Hukusudiwa kumwezesha kuketi, kula kidogo, na kuzungumza na watu wake. Na hapa ndipo mambo mawili yakutanapo: mtu anayepiga kelele kwa maumivu hawezi kutoa wosia, na mtu asiyeambiwa hali yake hajui kuwa saa ya kuutoa imefika.

Hasara ya kunyamaza twaijua sote kwa shauri moja lililotikisa nchi hii. Wakili mashuhuri wa Nairobi, S. M. Otieno, alifariki ghafula tarehe 20 Desemba, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, ambaye alikuwa Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao la Matasia, karibu na Ngong. Ndugu yake na watu wa ukoo wa Umira Kager walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa desturi ya Wajaluo. Mashahidi wa mjane walieleza mahakamani maneno ambayo marehemu aliwahi kuyasema juu ya kaburi lake. Mashahidi wa ukoo walieleza maneno mengine. Mtu huyo alikuwa bingwa wa sheria, aliyetumia maisha yake kuwasemea wengine mbele ya majaji, lakini katika shauri lake mwenyewe hakuacha wosia wa maandishi. Tarehe 15 Mei, 1987, Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na tarehe 23 Mei akazikwa Nyalgunga. Mwili wake ulikuwa umengoja zaidi ya siku 150. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba jamaa mbili zilijeruhiana mbele ya taifa zima juu ya swali ambalo mtu mmoja tu angaliweza kulijibu.

Lakini wako pia waliosema mapema, na maneno yao yakawa taa kwa waliobaki. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa miti, alikuwa amesema kuwa hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Alipofariki tarehe 25 Septemba, 2011, jamaa zake walimtengenezea jeneza la mianzi na magugu ya maji, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alichomwa huko huko mwaka wa 2005, kama mkewe kabla yake. Wengi walishangaa. Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, aliagiza azikwe upesi na bila jeneza. Alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili, 2024, na tarehe 21 alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Siaya kama alivyotaka. Raila Odinga naye aliagiza asiwekwe siku nyingi. Alifariki India tarehe 15 Oktoba, 2025, na tarehe 19 alizikwa Bondo, ijapokuwa taifa zima lilitaka kumwaga machozi juu yake. Ikiwa wakubwa kama hao waliweza kuzikwa katika siku chache, sisi wakulima na makarani twalazimishwa na nani kuwaweka wafu wetu mochari majuma matatu, na kisha kuuza ng'ombe wa maziwa ili kulipa deni?

Sasa tuseme juu ya sheria, kwa kuwa wengi huuliza. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai, 1981, yampa kila mtu mzima mwenye akili timamu haki ya kuandika wosia. Si lazima awe tajiri. Sharti autie sahihi, au alama yake kama hajui kuandika, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie sahihi zao. Ni vema shahidi asiwe mtu aliyepewa kitu katika wosia huo, maana zawadi yake yaweza kubatilika kwa sababu ya ushahidi wake. Wosia wa mdomo nao wakubaliwa, lakini sharti usemwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na mwenye kuusema awe amefariki katika muda wa miezi mitatu tangu alipousema. Akiishi zaidi ya hapo, wosia huo hauna nguvu, isipokuwa kwa askari aliye vitani. Kadhalika, mtu akiwanyima kabisa mke, watoto au wengine waliomtegemea, wao waweza kwenda mahakamani kudai riziki yao. Waislamu wana sheria yao ya mirathi, na mashauri yao huamuliwa na Kadhi. Wasia wao kwa mtu asiye mrithi hauzidi theluthi moja ya mali.

Juu ya mahali pa kuzikwa, yafaa tuseme ukweli: mahakama zetu hazifungwi kabisa na matakwa ya marehemu. Jaji huyapima pamoja na desturi na mambo mengine. Lakini maneno yaliyoandikwa, na kusikiwa na jamaa wote pamoja, mara nyingi huzuia shauri lisifike kwa jaji. Tena yako mambo madogo ambayo karani awezaye kuyamaliza kwa saa moja: fomu ya chama cha akiba na mikopo yenye jina la atakayelipwa, fomu ya malipo ya uzeeni, na orodha ya madeni. Na mkulima atazame hati ya shamba lake. Kama ingali kwa jina la babu aliyekufa zamani, hawezi kuikopea wala kuwagawia wanawe kwa usalama, na atakapokufa atawaachia tatizo alilolirithi, likiwa limeongezeka.

Limebaki swali la namna ya kuuliza. Hatumshauri mwana aingie chumbani na kalamu mkononi, amwulize baba yake, "Nani atachukua shamba?" Hilo ni tusi. Lililo bora ni wazee wenyewe kuanza wakiwa na afya, maana neno la wosia likitoka kwa mzee mwenye nguvu huitwa busara, lakini likitoka kwa mwana kando ya kitanda huitwa tamaa. Na kama ugonjwa umekwisha kuingia, mgonjwa aulizwe kwanza anajua nini juu ya hali yake, na angependa kujua kiasi gani. Yupo atakayesema, "Sitaki kusikia," naye aheshimiwe. Wengi watashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Waweza kuwa na jambo la shamba la kusema. Au waweza kuwa na jambo jingine kabisa, kama vile mtoto waliyekosana naye miaka kumi, ambaye wataka aitwe.

Methali nyingine yasema kuwa mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi twayaficha maradhi kwa mwenyewe aliye nayo, kisha kifo chatuumbua sote mbele ya mochari na mbele ya mahakama. Basi msomaji, ukiwa na mzazi aliye mgonjwa sana, utafute saa ambayo wageni wametoka. Vuta kiti karibu na kitanda. Usimwambie kuwa mwezi ujao atakuwa shambani. Mwulize, "Baba," au "Mama, kuna jambo ungependa tulijue?" Kisha unyamaze, usikilize.